Wiki mbili za "slack": je, mtunza stoo katukanwa?

Barua imetoka kwa kijana anayetunza stoo ya kiwanda cha mbao, maeneo ya Mafinga. Naifupisha kidogo:

"Kamwene mwalimu, na shikamoo. Kiwandani kwetu tunajenga tanuri jipya la kukaushia mbao. Mhandisi mgeni anayesimamia ujenzi huandika ripoti kwa Kiingereza kila mwisho wa mwezi. Safari hii kaandika mambo mawili yaliyonichanganya. La kwanza ni la mashine: 'Take up the slack on the main belt.' La pili linanihusu mimi: 'The stores have two weeks of slack.' Kamusi ndogo niliyonayo inasema slack ni legevu, zembe. Sasa wenzangu wananiita Bwana Wiki Mbili, eti nimeandikiwa wiki mbili za uzembe. Je, nimetukanwa? Na neno lenyewe limetoka wapi, mbona nalisikia kama ndugu wa legea yetu? Na lina tofauti gani na loose?"

Marahaba, kamwene. Lala usingizi, hujatukanwa. Mhandisi kakuandikia kitu ambacho watunza stoo wengi wangependa kuandikiwa. Kosa ni la kamusi yako, iliyokutupia maana mbili kwa mkupuo bila kukuambia ipi ni ya mtu na ipi ni ya kamba.

Kabla hujaliangalia neno, angalia kitenzi kilicholitangulia. Angeandika "The stores have been slack for two weeks", ungekuwa na haki ya kununa, maana hapo anasema stoo imezembea kwa wiki mbili. Yeye kaandika "have two weeks of slack". Kwa Kiswahili tofauti hiyo tunaibeba kwa herufi mbili tu: kuna "kuwa" na kuna "kuwa na". Aliye slack ni mzembe. Aliye na slack ana akiba mkononi.

Akiba ya nini? Ya muda. Tuseme kuta za tanuri lenu zinahitaji wiki 5 mpaka zifike usawa wa paa, na mabati ya kuagiza Dar es Salaam yanachukua wiki 3 tangu utume fedha mpaka yashushwe getini. Mabati hayana kazi kabla kuta hazijaisha. Kwa hiyo hata ukikaa siku 14 bila kuagiza, yatafika siku ileile yanapohitajika. Hizo siku 14 ndizo slack yako. Siku ya 15 ndipo unaanza kula muda wa mafundi wa paa, na hapo ripoti ya mwezi ujao itakuwa na lugha nyingine. Mimi namba za kiwanda chenu sizijui, hizi nimezitunga nikuonyeshe hesabu inavyokwenda. Lakini nina hakika mhandisi kafanya hesabu ya namna hii, akaona stoo haiko kwenye ule mlolongo wa kazi zisizoweza kuchelewa hata siku moja.

Matumizi hayo ya neno ni ya juzijuzi. Yalipata nguvu mwaka 1958, wakati jeshi la majini la Marekani lilipokuwa likitengeneza makombora ya Polaris na likabuni njia ya kupanga maelfu ya kazi zinazotegemeana, iliyoitwa PERT. Muda ambao kazi inaweza kuchelewa bila kuchelewesha mradi mzima waliuita slack. Wenzao waliobuni njia nyingine inayofanana nayo, miaka hiyohiyo, waliuita float, yaani kuelea. Basi siku ukipata mkandarasi anayekuandikia "two weeks of float", usiende tena kwenye kamusi. Ni kitu kilekile.

Kiswahili chake ndicho kinachonikera. Nimeona ratiba za miradi zilizotafsiriwa "ulegevu wa kazi", na nakiri hata mimi nilishaanguka kwenye shimo hilo. Miaka ya nyuma niliitwa kutafsiri kwenye kikao cha kampuni moja hapa Mbeya. Mgeni akasema "there is some slack in the workforce", mimi bila kupepesa nikasema wafanyakazi wamelegea. Ukumbi ukachemka. Mzee mmoja wa karakana alisimama, akavua kofia na kuiweka mezani, akauliza ni nani hasa aliyelegea, atajwe jina. Mgeni wa watu alikuwa anasema tu kwamba wafanyakazi waliopo wanaweza kubeba kazi zaidi bila kuajiri wengine, maana saa zao hazijajaa. Ilikuwa habari njema, nami nikaigeuza tusi. Tangu siku hiyo natumia "akiba ya muda" kwa ratiba, na kwa watu nasema "nguvu kazi isiyotumika yote". Ni maneno marefu, lakini hayavunji kikao.

Sasa asili. Hapa kuna jambo lililonishangaza nilipolifuatilia, kwa sababu nilidhani najua jibu kabla sijatafuta. Nilidhani ni kamba kwanza: watu waliona kamba iliyolegea, wakachukua neno hilo wakamfananishia mtu asiyejituma. Ndivyo akili inavyokutuma. Kumbe katika maandishi ya Kiingereza mambo yako kinyume. Neno slæc limo katika Kiingereza cha kale kabisa, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, likisemwa juu ya watu na mienendo yao: mvivu, asiyejali, mzito wa kuanza, hata mpole. Kamba isiyokazwa inaingia kwenye maandishi karibu mwaka 1300. Kile kipande cha kamba chenyewe kinachoning'inia, kikitajwa kama kitu, kimeandikwa mwishoni mwa karne ya 18. Kwa hiyo wenzako wanaokucheka wameshika maana iliyo kongwe kuliko zote. Ila mhandisi hakuitumia hiyo.

Maana hiyo kongwe unaweza kuiona pasipo kutoka Mafinga, ukiwa na Biblia mbili. Chukua ile ya Kiingereza ya mwaka 1611, iitwayo ya Mfalme James, uiweke kando ya ile ya Kiswahili tunayoisoma makanisani, ya Union. Mithali 10:4 Waingereza wanasema "slack hand", sisi tuna "mkono mlegevu", ambao humfanya mtu maskini. Sefania 3:16, "Let not thine hands be slack", kwetu ni "mikono yako isilegee". Hapo kote legea imefaa. Lakini nenda 2 Petro 3:9. Kiingereza ni "The Lord is not slack concerning his promise". Kiswahili hakisemi Bwana hakulegea. Kinasema Bwana "hakawii" kuitimiza ahadi yake. Aliyechagua kitenzi hicho alisikia kwamba hapo neno halihusu nguvu za mkono, linahusu muda. Mtu akiniuliza mfasiri mzuri ni yupi, huwa namwonyesha mstari huo.

Nyuma ya slæc kuna ukoo mkubwa. Wanaisimu wamelifuata mpaka kwenye shina la zamani wanaloliandika sleg-, ambalo upande wa Kilatini lilitoa laxus, yaani -legevu, pana, lililoachiwa. Kutoka laxus Kiingereza kimepata lax, na relax, ambalo vijana wa Mwanjelwa wamelifanya "rilaksi" na kulimiliki. Kupitia Kifaransa kikapata release, kuachia, na lease, kumwachia mtu mali yako aitumie kwa malipo. Na dawa ya kulainisha choo, laxative, iko kwenye ukoo huohuo. Kazi yake unaijua.

Ndugu ninayempenda kuliko wote, hata hivyo, ni slake. Waingereza hulitumia neno hili kwa mambo mawili: kukata kiu na kuzima chokaa. Kama hujawahi kuona chokaa ikizimwa, siku ukipita Songwe ombea nafasi uangalie. Jiwe la chokaa likishachomwa kwenye tanuri hutoka jeupe, kavu, jepesi kuliko unavyotegemea. Ukilimwagia maji hukaa kimya kidogo, kisha linaanza kutoa mlio kama mafuta kwenye kikaango, mvuke unapanda, jiwe linapasuka lenyewe, linavimba, na baada ya muda kilichokuwa jiwe ni unga laini. Moto wake umeisha. Sisi tunasema chokaa imezimwa, kama tunavyozima jiko. Mwingereza anasema imelegezwa, kwa maana slake ilianza kama kitenzi cha slack. Na kiu nayo kwake hulegezwa. Sisi tunaikata, kama kamba.

Je, legea yetu ni ndugu? Hapana, ingawa sikulaumu kwa kuuliza. Ukiweka lege karibu na lax na sleg-, macho yanaona undugu. Lakini maneno kufanana kwa sauti na maana si ushahidi wa damu moja. Mfano unaotajwa sana ni wa Kiajemi: nako kuna neno bad, na maana yake ni baya, vilevile kama bad ya Kiingereza, na wataalamu wanakubaliana kwamba maneno hayo mawili hayana uhusiano wowote. Lugha zina maneno maelfu kwa maelfu na sauti chache za kuyaundia. Mawili matatu lazima yagongane. Njia ya slack tunaweza kuifuata nyuma mpaka kaskazini ya Ulaya, na popote katika njia hiyo haikutani na ya kwetu. (Wapo wanaotamka regea, hasa sisi wa huku ambao l na r zinatusumbua kwa sababu ya lugha za nyumbani. Usikubali mtu akucheke kwa hilo. Kamusi nyingine zinaitambua.)

Kuna wengine wawili wanaojifanya ndugu upande wa Kiingereza chenyewe. Ukifika Kiwira kwenye makaa ya mawe ukasikia mtaalamu anazungumzia slack, anamaanisha vumbi na chenga za makaa zinazobaki baada ya kuchekecha. Hilo limetoka kwa Waholanzi na Wajerumani wa kaskazini, ni neno jingine lililoangukia tahajia ileile. Na kaskazini mwa Uingereza kuna mabonde madogo yenye jina Slack, hayo yametoka Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia. Tuyaache.

Loose. Hapa ndipo Kiswahili kinatuchongea, kwa sababu legea inafanya kazi zote mbili. Nati imelegea, kamba imelegea. Mwingereza kwa kawaida huzitenganisha. Nati iliyolegea kwa kawaida ni loose, kwa kuwa shida yake ni kwamba haijashika. Gereji wanasema "nati imeluzi", na wako sahihi kuliko wanavyojua. Kamba inaweza kufungwa barabara ncha zote mbili, fundo zisizofunguka hata kwa meno, na bado ikawa slack, kwa sababu katikati imebaki tumbo. Tazama waya za umeme kati ya nguzo na nguzo pale Makambako. Hakuna waya iliyo loose, la sivyo tungekuwa tunazika watu. Lakini zote zina slack, zinaning'inia kidogo, na zimeachwa hivyo makusudi. Chuma na alumini husinyaa kwa baridi. Waya iliyokazwa kama uzi wa gitaa mchana wa Novemba ingekuwa na hali mbaya usiku wa Julai, na baridi ya Makambako mnaijua wenyewe. Na kwa asili pia maneno haya hayahusiani. Loose lililetwa na Wanorse, na ndugu zake ni lose, kupoteza, na kile kiambishi -less cha "bila".

Ukitaka kuisikia slack kwa masikio, kaa stesheni hiyohiyo ya Makambako treni ya mizigo ya TAZARA ikianza kuondoka. Kichwa kinasogea kwanza peke yake. Halafu unasikia ka! behewa la kwanza, ka! la pili, mlio unakimbia kuelekea nyuma mpaka unapotelea kwenye mabehewa ya mwisho. Kila kiungo kati ya behewa na behewa kina nafasi kidogo, na ile nafasi inakazwa moja baada ya nyingine. Isingekuwepo, kichwa kingelazimika kuuondoa uzito wote kwa mara moja.

Hilo linatuleta kwenye sentensi yako ya kwanza, ya mkanda. "Take up the slack" ni kuondoa ule ulegevu: kaza mkanda. Ila usikaze mpaka mwisho. Niliwahi kusimama kwenye dingdong moja, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao, kando ya barabara, karibu na msitu wa Sao Hill, wanapasua misindano. Msumeno ulikuwa ukifika katikati ya gogo unapunguza mwendo, na harufu ya mpira unaoungua ikaja kabla hatujaona moshi. Mkanda ulikuwa unateleza kwenye puli. Fundi akazima injini, akasubiri isimame kabisa, kisha akaukandamiza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ukazama kama godoro. Akasukuma injini nyuma kwenye reli zake, akakaza bolti, akabonyeza tena. Kijana wake akasema azidishe, akakataa: "Ukiukaza sana, beringi inakufa." Kwa mikanda ya V kanuni ya mafundi ni kwamba kwa kila mita 1 kati ya puli na puli mkanda ushuke kama milimita 16 ukibonyezwa. Chini ya hapo unaua beringi, juu yake unachoma mkanda. Ile milimita 16 ni slack inayotakiwa.

Msemo huohuo wa "take up the slack" utausikia pia pasipo na mkanda. Karani akiugua na wewe ukafanya kazi zake juu ya zako, Mwingereza atasema "you took up the slack". Sisi tunasema umeziba pengo. Na "cut me some slack" usihangaike nayo, Kiswahili kilishafika zamani: nilegezee kamba.

Biashara inaweza kuwa slack pasipo mtu kulaumiwa, ikiwa imedorora. Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe yana msimu wa namna hiyo kila mwaka, miezi ya baridi na ukavu, majani yanapogoma kuota na wachumaji wanapungua. Huo ni "slack season". Suruali za slacks ni za kupwaya kidogo, ingawa zinazouzwa kwa jina hilo siku hizi zingine hazipwayi hata chembe. Mhandisi akisema "nitakutumia kwenye Slack", anazungumzia programu ya kutumiana ujumbe kazini iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014.

Neno la kuogopa ni slacker. Hilo halina upande mzuri. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wamarekani walilitumia kwa wanaume waliokwepa kuandikishwa jeshini, na Septemba 1918 jijini New York watu walisombwa mitaani, kwenye stesheni na kumbi za starehe kwa maelfu, waonyeshe karatasi zao za uandikishaji. Wengi wao walikuwa nazo, wameziacha nyumbani. Kama siku moja ripoti ikikuita hivyo, niandikie tena, tutapanga majibu.

Kwa sasa mjibu mhandisi kwa lugha yake, usikae kimya ukadhaniwa hukuelewa. Mwandikie: "Noted. I plan to use one week of the slack and keep one in reserve." Yaani katika zile wiki mbili utatumia moja, nyingine unaiweka akiba, maana barabara ya kutoka Dar mnaijua na mlima wa Kitonga mnaujua. Habari ya mkanda si ya stoo, mpelekee fundi wa mashine leoleo. Na wanaokuita Bwana Wiki Mbili, waulize wao wana ngapi.